Samli Kwenye Rimu za Baba Hajira

Wanawake wengine wa mtaa wa Mlabani walijua waume zao wametoka wapi kwa kunusa mashati. Kadija alijua kwa kutazama magurudumu.

Tope jeusi linalonata hadi likikauka linabanduka kwa vipande, hilo ni la mbugani, ng'ambo ya mto Kilombero. Ujue mumewe, Bwanaheri, amevuka na pantoni. Vumbi jekundu lililoingia mpaka kwenye nati, hiyo ni barabara ya Kiberege. Na mchanga wa kijivu wenye vichembe vinavyometameta, ule unaoteremshwa na vijito vya Udzungwa, huo ni wa Kisawasawa na si penginepo. Juu ya yote hayo, hasa kwenye magurudumu mawili ya mbele, hukaa vumbi jeusi la breki, laini kama wanja. Likiwa jingi, mumewe amekwenda mbio, akikanyaga breki kila kona kama mtu anayewahi kitu. Likiwa kidogo, amekwenda taratibu, hana hamu ya kufika aendako.

Siku nyingi lilikuwa kidogo wakati wa kurudi nyumbani. Hilo pia alilijua, na hakumwambia mtu.

Alizaliwa Kilwa, akaolewa na Bwanaheri angali msichana, akashuka stesheni ya Tazara hapa Ifakara na mkeka wake begani, akaingizwa katika duka ambalo hakutoka tena. Duka la vitenge, chumvi, betri, sabuni na mafuta ya taa. Alijifunza kupima mafuta ya taa kabla hajajifunza njia ya kwenda sokoni. Akazaa Hajira, akazika wawili baada yake, akarudi kwenye kaunta. Mumewe hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga, hakumnyima. Alikuwa tu mtu asiyezungumza na kilicho karibu naye. Wateja aliwachekesha, wageni aliwakirimu, lakini mkewe alimwambia, "Chumvi imeisha," na mkewe akajibu, "Nimeona," na jua likazama juu ya maneno hayo.

Kisha, mwaka wa tisini na tano, likaja gari.

Ifakara ni mji wa baiskeli. Kila mtu hapa ana maoni yake kuhusu magurudumu, na hata bibi kizee anajua spoki iliyolegea kwa kusikia mlio wake. Kwa hiyo Bwanaheri alipoingia mjini na Toyota Mark Two, iliyotumika Japani, ikapitia Dubai, ikauzwa tena Dar es Salaam, watu hawakutazama mwili wa gari. Walichuchumaa kutazama rimu. Zilikuwa rimu za spoti, za aloi, zenye mikono mitano mipana, zinang'aa kama sahani za fedha za kutolea maji ya kunawa. Hakuna aliyekuwa nazo bondeni kote, ndivyo watu walivyosema, na Bwanaheri hakuwakatalia.

Kadija alisimama mlangoni, akamwona mumewe akiinama kuondoa doa dogo kwa ncha ya kanzu yake. Kanzu nyeupe ya Ijumaa. Akamwona analipulizia pumzi lile gurudumu, halafu analifuta, halafu analitazama. Kitu kikamwingia. Hakujua bado kukiita wivu, kwa kuwa alidhani wivu ni wa mtu kwa mtu.

"Mama," Hajira alisema nyuma yake, akicheka, "umeletewa mke mwenza mwenye miguu minne."

"Funga mdomo, ukachambue mchele."

Wiki ile ile, waosha magari wa mto Lumemo walizisugua rimu zile kwa mchanga na nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Walitaka zing'ae zaidi. Zikarudi na mikwaruzo kama uso uliokwaruzwa na paka. Bwanaheri alikaa ndani mpaka jioni bila kula. Kesho yake akaenda kwa Fulgensi, fundi magari wa Kibaoni, Mpogoro mmoja mwenye maneno machache, naye akamweleza: mchanga unakula ule utando wa rangi wa juu. Ukishakwisha, vumbi la breki, ambalo ni chembe za chuma zilizotoka zikiwa na moto, linajichimbia ndani, linashika kutu, na halitoki tena. Rimu za aina hii hazisuguliwi. Zinapapaswa.

Bwanaheri alirudi akayarudia maneno hayo dukani, kwa huzuni, kana kwamba ameelezwa ugonjwa wa mtoto. Akauliza nani atamfanyia kazi hiyo.

"Mimi," Kadija alisema.

Alishangaa mwenyewe kujisikia. Lakini alikuwa ameshafikiri: kama ni lazima kitu hiki kipapaswe, basi hakuna mkono mwingine utakaokipapasa.

Ikawa kazi ya kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Kwanza aliweka mgongo wa mkono kwenye rimu, kama anayepima homa, kwa maana gurudumu lenye moto likimwagiwa maji baridi hubaki na madoa. Likipoa, alilimwagia maji mengi bila kuligusa, mchanga uanguke wenyewe. Ndoo ya magurudumu haikutumika kwa mwili wa gari, wala kitambaa chake. Kisha maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya mche, na mswaki mkuukuu wa kuingia kwenye pembe na mashimo ya nati. Kisha fulana laini iliyochakaa ya kukaushia, kwa sababu tone likiachwa likaukie hapo linaacha duara. Mwisho nta. Wauza asali waliotoka Masagati walimletea nta ya nyuki, yeye akaiyeyusha ndani ya kopo lililowekwa kwenye maji ya moto, akaizimua mbali na jiko kwa mafuta ya taa kidogo, ikawa laini kama siagi. Aliipaka nyembamba, akaingoja ikauke, akaifuta mpaka kidole kikateleza. Rimu iliyopakwa hivyo vumbi huikalia juu juu tu. Wiki ijayo maji peke yake yanatosha kulitoa nusu yake.

Bwanaheri alikaa barazani na kikombe chake cha kahawa, akisimamia.

"Usisugue, Mama Hajira. Papasa."

"Napapasa."

"Hapo kwenye pembe umeruka."

"Pembe ipi? Hii?"

"Hiyo. Kuna masizi. Eh, taratibu! Unataka kunichubulia?"

Mtaa mzima ulimsikia akimkaripia, na mtaa mzima ulimwonea huruma Kadija. Wilhelmina, jirani yake aliyekuwa na cherehani upande wa pili wa barabara, alimwambia usoni, "Mama Hajira, mimi mume akinisimamia hivyo namwogesha yeye na kile kindoo."

Wilhelmina hakujua. Hakuna aliyejua. Kati ya karipio na karipio, Bwanaheri alizungumza. Kikombe kikiwa nusu alianza kusimulia: bei ya mpunga Kiberege, pantoni iliyokwama, mzee mmoja aliyemkuta njiani na ngoma mpya, marehemu baba yake alivyoogopa mvua ya radi. Alizungumza akitazama rimu, si yeye, lakini mkono uliokuwa juu ya rimu ulikuwa wa Kadija. Siku nyingine alicheka. Miaka yote ile ya ndoa, Kadija alikuwa hajapata saa moja ya mumewe. Sasa alikuwa nayo, kila Alhamisi, na aliilinda kama wengine wanavyolinda shamba lisiingiwe na nguruwe pori.

Basi ilipoingiwa, alijua mara moja.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa tisini na saba, kabla ya zile mvua kubwa. Bwanaheri alikuwa amerudi Kisawasawa, alikokuwa akinunua mpunga kwa mfugaji mmoja Msukuma aitwaye Mashimba, aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka michache nyuma. Kadija alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akaweka mgongo wa mkono. Ukanata.

Mchanga wa Kisawasawa ulikuwepo, unameta, lakini haukukaa juu juu. Ulikuwa umeganda kama sukari kwenye kitumbua. Vumbi la breki lilikuwa limechanganyika humo, limepikwa na moto wa gurudumu, limekuwa gamba jeusi. Akakwangua kidogo kwa ukucha, akanusa. Samli. Samli ya ng'ombe, nzuri, ya kienyeji.

Alingoja kelele. Mwanamume aliyepiga ukelele kwa tone moja la maji angesema nini kwa hili? Bwanaheri alikoroga kahawa yake.

"Baba Hajira, zimepakwa nini hizi?"

"Vumbi tu. Barabara mbaya siku hizi."

"Vumbi la siku hizi linanukia samli?"

Akanywa. Akaweka kikombe. Akakiinua tena.

"Ah. Hiyo. Ni kwa Mzee Mashimba. Wasukuma wana ukarimu wao. Binti yake kaona magurudumu yamekauka, kayapaka. Ningemkataza vipi, ugenini?"

"Binti wa umri gani?"

"Binti tu. Binti wa mtu."

"Mimi nikiacha tone unanipigia kelele mpaka Wilhelmina anatoka nje."

"Wewe ni wa nyumbani," akasema, akaingia ndani.

Kadija aliitoa ile samli kwa maji ya moto na sabuni mpaka magharibi. Wiki iliyofuata rimu zilirudi vile vile. Na vumbi la breki lilikuwa jingi kuliko alivyowahi kuliona, limerukia hadi kwenye matairi. Alikwenda mbio. Alikuwa na hamu ya kufika.

"Samli!" Wilhelmina alisema, akiushika uzi kwa meno. "Mwenzangu, mtu akipaka kitu samli ana mpango wa kukila."

"Ni ukarimu tu."

"Basi na wewe kamkirimu. Wembe ninao."

Kadija hakucheka. Alirudi nyumbani, akalala macho yakiwa wazi, akijaribu kumtengeneza yule mwanamke kichwani. Hakuwa na chochote cha kumtengenezea ila alama za vidole. Kwenye gamba la samli la gurudumu la kulia alikuwa amekuta alama za vidole vinne, virefu, vimepita kwa mviringo kufuata ukingo wa rimu. Aliviona vidole hivyo kila alipofumba macho. Havikuwa vimesugua. Vilipapasa vizuri kuliko vyake, na hakuna aliyevifundisha.

Safari iliyofuata, Bwanaheri alipofungua mlango wa gari, alimkuta mkewe amekaa kiti cha mbele, amejifunga ushungi, kikapu mapajani.

"Wapi?"

"Kisawasawa. Nataka samli. Naona ni nzuri."

Alimtazama, akawasha gari. Njia nzima Kadija alitazama mguu wa mumewe kwenye breki.

Mji wa Mashimba ulikuwa upande wa bondeni, mbali kidogo na barabara, nyumba za udongo zimezunguka zizi. Mzee mwenyewe alitoka kuwapokea kwa mikono miwili, mrefu, mwenye kicheko kinachoanzia tumboni. "Karibuni, karibuni! Mama, wabeja, asante kwa kuja! Leo mzee kaja na mwenye gari!" Nyuma yake akatoka mwanamke. Hakuwa binti. Alikuwa amekaribia miaka thelathini, ameolewa huko kwao Shinyanga, ameachika, amerudi kwa baba yake. Aliitwa Nyamizi. Alipiga goti kwa Kadija, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Mama. Neno la heshima, na lilimwingia kama mwiba. "Marahaba," akasema.

Nyamizi alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kibuyu. Hakumtazama Bwanaheri hata kidogo. Akaliendea gari moja kwa moja, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, likiwa bado na moto wa safari, akachota samli kwa vidole vyake virefu.

Kadija alimgeukia mumewe. Sasa atasema, akafikiri. Sasa, mbele yangu, atasema usipake, usisugue, hapo umeruka.

"Taratibu, Nyamizi," Bwanaheri alisema. "Zina moto. Utaungua mikono."

Hakusema zaidi ya hayo. Aliyasema kwa sauti ambayo Kadija hakuifahamu, sauti ya chini, yenye nafasi ndani yake. Magurudumu yale yale! Kwa Kadija aliogopa rimu zisichubuke. Kwa huyu aliogopa vidole visiungue. Kama angewakuta wamekumbatiana asingeona wazi kuliko alivyoona pale, mchana, mbele ya baba wa mtu, ng'ombe wakimtazama.

Nyamizi aliongeza bidii, kwa sababu mke wa mzee alikuwa anatazama. Siku zile nyingine alipaka kwa nje tu. Leo alipitisha mkono kati ya mikono ya rimu, akapaka mpaka ndani, samli ikayeyuka kwa lile joto, ikaanza kuchuruzika. Kadija aliifuata kwa macho. Ilikuwa inaelekea kwenye diski, ile sahani ya chuma ambayo breki huibana gari lisimame. Njia ya kurudi ina mteremko unaoshuka hadi kwenye daraja jembamba.

Kwa pumzi moja alinyamaza. Ni Mungu peke yake aliyemwona katika pumzi ile.

"Toa mkono!" akasema. "Huko ndani usipeleke. Hapo ndipo breki inaposhika. Ikiingia samli, gari halisimami."

Nyamizi aliuchomoa mkono kama aliyeng'atwa. "Nilikuwa namwua mzee?"

"Ulikuwa unakaribia."

"Yesu wangu!" Akajishika kinywa kwa mkono wenye samli, akabaki na masharubu ya manjano, na kwa bahati mbaya Kadija akataka kucheka. "Mama, nisamehe. Kwetu tunapaka vibuyu, tunapaka ngozi, jua lisizipasue. Nikaona magurudumu ya mzee yanaungua na vumbi, nikayaonea huruma."

Bwanaheri alikuwa amesogea, uso umempauka. Kadija akamwambia avute petroli kidogo kwa mpira, aiweke kwenye kopo, mbali, na asiilete mpaka chuma kipoe kabisa. Kisha waende wakapime mpunga. Alimwambia hivyo bila kumtazama, naye akatii. Wanaume wakaenda ghalani. Wanawake wawili wakabaki wamekaa chini kando ya gurudumu, wakilingoja lipoe.

"Ukilipaka samli," Kadija alianza, "vumbi linanasa. Likinasa, la breki linapikika ndani. Ngoja nikuonyeshe."

Akamwonyesha. Mgongo wa mkono. Maji kwanza bila kugusa. Ndoo ya peke yake. Akamweleza na nta inavyozimuliwa kwa mafuta ya taa. Gurudumu lilipopoa kabisa, akachovya kitambaa kwenye petroli, akaifuta ile diski mpaka kitambaa kikatoka safi, na Nyamizi alishika kopo akifuata kila kitu kwa macho.

"Na kazi hii unaifanya kila mara, mama?"

"Kila Alhamisi. Akivuka mto, hata Jumapili."

"Pamoja na duka?"

"Pamoja na duka. Na kupika. Na mpunga ukija, kuuanika."

"Na hayo mafuta ya taa kwenye nta, mikono haipasuki?"

Kadija alifungua viganja vyake. Vilikuwa vimepauka, vina nyufa nyembamba zilizoingia weusi wa breki ambao hautoki tena. Nyamizi alivitazama kwa muda mrefu.

"Na mzee, yeye anafanya nini wakati huo?"

"Anakaa barazani na kahawa. Anasema."

"Anasema nini?"

"'Usisugue. Hapo umeruka.'"

"Kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi."

Nyamizi akacheka, akatikisa kichwa. "Mume niliyeachana naye alikuwa anasema hivyo hivyo, juu ya ndama."

Kadija hakusema uongo hata mmoja alasiri ile. Alimhesabia kazi zote, moja baada ya nyingine, kwa upole, kama dada mkubwa. Alificha kitu kimoja tu. Hakumwambia habari ya kikombe kinapokuwa nusu. Hakumwambia juu ya pantoni, na radi, na baba aliyeogopa radi, na kile kicheko. Alikifunika kwa ulimi wake, akamwachia mwenzake maganda tu ya maisha yale, na alipokuwa anafanya hivyo moyo wake ulipiga kwa nguvu kama wa mwizi aliye chini ya kitanda.

Walirudi na debe la samli. Kwenye ule mteremko Bwanaheri alijaribu breki mara mbili kabla ya kushuka. Zilishika.

"Nimekusikia ukimwambia ataungua," Kadija alisema baada ya daraja.

"Zilikuwa na moto."

"Hata Mlabani huwa zina moto."

"Wewe unaijua kazi."

Alikusudia kumsifu. Kadija alitazama nje, mashamba ya miwa yakipita.

"Unataka kumwoa?"

Akabadilisha gia. "Nimeshazungumza na mzee wake. Atasilimu. Sheria inaniruhusu, Mama Hajira."

"Sijauliza sheria."

"Hutapungukiwa kitu. Nyumba yako ni yako. Duka vile vile."

Alitaka kumwuliza: na Alhamisi? Lakini angejibu kwamba Alhamisi ni siku tu. Akalishika vizuri debe la samli lisimwagike.

Majuma yaliyofuata aliziosha rimu kama kawaida, na Bwanaheri alikaa barazani, lakini alikuwa anahesabu ng'ombe kichwani, na kikombe kilipofika nusu alikimaliza kwa mkupuo. Kadija alikonda. Alimwonea wivu hata yule ambaye hakuwepo, kwa jinsi kule kutokuwepo kwake kulivyomjaza mumewe macho. Wilhelmina alileta wembe kweli, umefungwa kwenye karatasi, akamwambia ni wa kukatia nyuzi.

Mashimba alikuja Ifakara siku ya mvua za kwanza, akaingia dukani akijikung'uta. Kadija alikuwa nyuma ya pazia, anapima mchele. Alisikia salamu ndefu za Kisukuma ambazo mumewe alikuwa amejifunza nusu. Kisha mzee akashusha sauti, ambayo hata ikishuka bado ilikuwa kubwa.

"Binti kakataa."

"Kakataa?"

"Kakataa, baba. Nimesema, nimesema. Anasema gari lako lina kazi kuliko ng'ombe. Ng'ombe, anasema, hata akichafuka bado anakamuliwa. Nikamwambia, mwanangu, ni gari tu. Kaniambia, 'Baba, si gari.' Sasa mimi nimwelewe vipi?"

Bwanaheri alisikika akiivuta mizani. Mashimba alinunua chumvi, akaaga.

Kadija alikuwa ameshika kibaba hewani. Furaha ilimjia ghafla, chafu na tamu, akaiachia. Alikwenda uani, akasimama kwenye manyunyu, akacheka peke yake mpaka Hajira akatoka kumtazama.

Alhamisi mvua ilikatika mchana. Barabara ilikuwa na tope, na rimu zilikuwa na tope la Kibaoni tu; Bwanaheri hakuwa ametoka nje ya mji. Kadija aliziandaa ndoo zake. Mumewe alitoka, akakaa, kahawa mkononi. Kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake.

Alimwaga maji. Akaingiza mswaki kwenye pembe. Akairuka pembe moja makusudi, akangoja. Hakusikia kitu. Akairuka ya pili. Aligeuka kidogo, akamwona anatazama juu ya paa la gari, kule barabara ya Kiberege inakoanzia, ile ya kwendea Kisawasawa, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefiwa na ambaye haruhusiwi kupokea rambirambi. Hakumkasirikia mkewe. Hakumhisi. Hakuwepo.

Hapo Kadija alijua kwamba hakushinda. Yule wa Kisawasawa alikuwa amekaa barazani pamoja nao, hazeeki, haulizwi chumvi, vidole vyake havitapasuka kamwe.

Akachukua fulana ya kukaushia, ikiwa na mchanga, akaisugua rimu kwa nguvu zake zote. Ililia. Mlio ule ulisikika mpaka kwa Wilhelmina, cherehani ikanyamaza. Alipoondoa mkono, palikuwa na mkwaruzo mrefu kama kidole, mweupe.

"Nimeichubua," akasema.

Bwanaheri alishusha macho. Aliutazama mkwaruzo, kisha akamtazama mkewe, mikono yake, uso wake uliolowa.

"Si kitu, Kadija," akasema. "Gari tu hilo. Usijiumize."

Miaka hiyo yote alikuwa Mama Hajira. Na sauti ilikuwa ile ile, ya chini, yenye nafasi ndani yake. Aliifahamu vizuri. Haikutengenezwa kwa ajili yake. Ilikuwa imebaki, kama kitambaa kinachobaki nguo ya mwingine ikishakatwa. Mtu mwenye kiburi angeikataa.

"Sema tena," Kadija alisema.

"Nini?"

"Jina langu."

Bwanaheri alilisema, macho yake yakiwa yamesharudi barabarani, na Kadija akahamia kwenye gurudumu la nyuma.